Nilikula Simbilisi wa Mzazi, na Ijumaa Nasahihisha Mtihani wa Binti Yake

Mpendwa Mama Zoila, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa maana kitanzi hiki nimejivalisha mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa pwani ya Manabí, mwaka wa pili sasa nafundisha huku milimani karibu na Otavalo, na nina mwanafunzi mmoja, Yarina, binti wa taita Amable, yaani mzee Amable kwa lugha ya huku, mfumaji, ambaye hesabu zilimshinda hadi wenzake wakamwita Sifuri, mpaka siku niliyokwenda kwao kumshtaki nikamkuta anapanga nyuzi mia mbili na arobaini za mshipi, theluthi nyekundu, robo nyeusi, bila karatasi wala kukosea, nikaona haya, na tangu hapo nikamfundisha kwa nyuzi, kila alasiri, miezi minne, mtoto akafunguka akili. Amebakiza mtihani wa marudio Ijumaa hii. Akipata saba kwa kumi anavuka, akikosa anatakiwa kurudia darasa, na baba yake ameshasema hakuna kurudia, atabaki nyumbani afume.

Basi Jumapili taita Amable na mkewe wakaja kwangu na beseni, viazi vimejaa, juu simbilisi wawili wa kuchoma na kuku mzima, na taita akaanza hotuba ndefu kweli, nusu Kikichwa, lugha ya wenyeji wa huku ambayo siijui, nami sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi, nikasema, "Asante, taita," nikang'oa paja la simbilisi. Wakatazamana, mama akafuta machozi, wakanikumbatia. Nikadhani ni shukrani tu.

Mama Luzmila mwenye nyumba ndiye aliyenifumbua macho. "Mwalimu, umekula? Basi umekubali kumsimamia Yarina kipaimara. Wewe na taita Amable sasa ni kumpadre, baba wawili wa mtoto mmoja." Nikamwambia sikujua. "Wewe hukujua, mdomo wako ulijua," akasema.

Sasa sokoni naitwa kumpadre, na shuleni mwalimu Elvia ananiuliza mbele ya watu, "Kumpadre, simbilisi mmoja ni maksi ngapi?" Mtihani nasahihisha mimi. Akifaulu watasema ni beseni, akifeli nitamtazama vipi baba yake? Na nikwambie ukweli, Mama, juzi nimejikuta nikipanga kwamba akipata sita nitamtafutia moja. Nirudishe beseni?

Wilfrido Z.

*

Mwalimu Wilfrido, pole, ila pole yenyewe ni ndogo. Miaka miwili milimani na hujui kwamba chakula kikija na hotuba, hotuba husikilizwa kwanza? Beseni utarudisha na nini, mifupa? Umeshakula, baba, wewe ni kumpadre, tena ushukuru, maana watu wa huku hawamkabidhi mtu mtoto wao ovyo. Kaazime koti la kuvaa siku ya kipaimara.

Hilo la maksi moja ndilo lililonikera. Mwaka mzima ameitwa Sifuri, na wewe uliyeona anachoweza ndiye unayemwandalia sadaka! Huyo binti amejua kuhesabu, kwa hiyo atajua pia kwamba maksi moja si yake, na siku hiyo miezi minne yako itakuwa kazi bure.

Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wa shule, mweleze habari ya beseni, usifiche hata kiazi kimoja, na uombe mtihani usahihishwe na mwingine. Usitafute mpole. Mwombe huyo huyo Elvia mwenye ulimi.

Ukitoka hapo nenda kwa taita Amable, ukae, unywe utakachopewa, na safari hii msikilize mpaka amalize. Kisha umwambie kwamba Yarina akipata sita atarudia darasa na hatatolewa shule. Mwalimu akisema hivyo anaambiwa ashughulike na ubao wake. Kumpadre akisema, nyumba inasikiliza. Hujaona bado umepewa nini, wewe unahesabu mapaja tu.

Ijumaa usiingie chumba cha mtihani. Yarina akipata saba, itakuwa saba ya Elvia, hakuna wa kuitia doa sokoni. Wewe kaa nje kwenye benchi na wazazi wengine, utetemeke kama wao.