Mkataba Unasema Milango, Kazi Inasema Majeneza

Mama Vagheni, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako, na naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi baba yangu anafika Beni na mbuzi, na mbuzi huyo akishafika mimi sitakuwa na neno tena.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, niite Katungu, nyumbani ni Musienene ambako wazazi wangu wanalima maharage na viazi, lakini sasa naishi hapa Beni kwa shangazi yangu anayeuza ndizi sokoni, na ninajifunza useremala kwa patron mmoja, yaani bwana wa kazi, anayeitwa Josaphat, mtu wa kanisa, mtu wa heshima, ukiuliza mtaani kwetu watakuambia ni mtu mwema, na mimi pia nilikuwa nasema hivyo. Baba aliponileta alikuja na mbuzi wa kumpa patron kama ilivyo desturi, na kwa kuwa baba alisoma kidogo alikataa maneno ya mdomo, akataka mkataba wa kuandikwa, na patron akaandika bila shida kwamba nitaanza kazi asubuhi na kuacha saa tisa mchana, kwamba nitafundishwa milango, vitanda, makabati na viti, na kwamba kuanzia mwaka wa pili nitapata sehemu yangu katika kila kitu nilichotengeneza kikiuzwa. Wenzangu watatu hawana karatasi, wana maneno tu, lakini waliahidiwa yale yale.

Mama, mwaka wa pili unakaribia kuisha na sijatengeneza mlango hata mmoja. Sijui kufunga bawaba. Ninachojua ni majeneza, ya watu wazima na ya watoto, kwa sababu tangu nifike hapa watu wanauawa mashambani, upande wa Mutwanga na kwingine, na ndugu zao wanakuja kwetu wakilia, na patron anasema wakati huu hakuna mtu anayenunua kabati, na hilo nalielewa, nani atanunua kabati na kesho atakimbia. Lakini kila habari ya mauaji ikifika, saa tisa yetu inafutwa, tunasali kwanza pamoja, patron anaongoza sala vizuri mpaka unalia, halafu tunashika randa na misumeno mpaka giza, kesho tena na kesho kutwa tena, na ukitoa simu kutazama saa anakuambia mbele ya wafiwa: "Unaangalia saa? Ule mwenye alikufa, yeye aliangalia saa?" Unarudisha simu mfukoni.

Nilipouliza sehemu yangu ya mwaka wa pili akanitazama kama nimetukana msalaba, akasema: "Sanduku ya maiti hapana biashara, Katungu. Mutu mwenye kukula faida ya maiti anakula damu." Akasema sehemu ni ya vitanda na makabati, nami vitanda na makabati sijafanya, kwa hiyo sina sehemu, na mimi nikaona haya, nikaenda zangu. Na si kwamba majeneza yote ni ya wafiwa wanaokuja mlangoni, mengine tunayapanga stoo kule nyuma, ya kila kipimo, tayari na vifuniko vyake, ni komandi, yaani oda, ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo ambaye lori lake linakuja kuyachukua, na hayo hatuyagusi kwa sababu yana mwenyewe.

Baada ya Pasaka tukakubaliana sisi wote wanne kwamba ikifika saa tisa tunaweka vyombo chini na kuondoka, bila kelele, bila matusi, na mimi ndiye niliyetangulia kusema kwa sababu karatasi ninayo. Siku za kwanza patron alituacha tuondoke. Siku ya Alhamisi, baada ya saa sita, akaja mama mmoja, Mama Rébecca, amekimbia kutoka shambani kwao, na wanaume wawili wa ukoo wake wamebeba mtoto amefungwa katika shuka, mtoto wa kwenda shule. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, nao walitaka kuzika mapema ili watoke makaburini kabla ya jioni, maana njia ile si salama. Mama akafungua fundo la kitenge chake, akalipa yote. Tukaanza, na ilipofika saa tisa jeneza lilikuwa tayari, kimebaki kifuniko tu.

Patron akakaa kwenye benchi, akakunja mikono, akamwambia yule mama: "Mama, uombe haba batoto. Mimi niko tayari. Ni bo banakatala, saa yabo imefika." Mama Rébecca akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu ni msichana, akasema: "Mutoto wangu, inabakia ubao moja tu." Siméon, mwenzangu, akaninong'oneza: "Mais Katungu, ule ni mutoto." Na mimi nikamjibu kwa sauti, wote wakasikia: "Kila siku ni mutoto ya mutu." Nikaweka randa chini. Nikatoka. Wenzangu wakanifuata.

Mama Vagheni, walimzika mtoto yule bila kifuniko, mama yake alivua kitenge cha begani akamfunika nacho, wakatupa udongo juu ya kitenge. Nilikuwa na hasira na patron, nakuapia hasira yote ilikuwa kwa patron, sikuwa na neno na yule mama, lakini ninapofumba macho simwoni patron, ninakiona kitenge.

Sasa Beni nzima inajua. Shangazi amerudi sokoni analia: "Banakuita Saa Tisa. Sasa mimi ndizi yangu nitauzishia wapi?" Patron amenifukuza, lakini amesema kwamba kwa huruma yake atanirudisha nikisaini karatasi mpya inayosema sina saa ya kuacha wala sehemu, na nikipiga magoti kuomba msamaha mbele ya shirika letu la wakristo, yeye akiwa amekaa mbele. Wenzangu wamesharudi. Baba amenipigia simu: "Niko nakuya na mbuzi. Utapiga magoti, donc basi. Hapana kubishana na mutu mukubwa." Nikikataa nitarudi Musienene bila ufundi na jina limeharibika, na nikikubali sijui nitakuwa nini. Mama, nisaini? Na je, mimi ndiye niliyemzika yule mtoto bila kifuniko?

Katungu, Beni


MAMA VAGHENI ANAJIBU

Katungu mwanangu, barua yako nimeisoma nikaiweka chini, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikaisoma tena. Pole sana. Sasa kaa vizuri unisikilize, maana leo nitakupiga pande zote mbili, kulia na kushoto.

Nianze na huyo patron wako. Siku hiyo mikono yake ilikuwa imefungwa kamba? Mtu ni fundi tangu hujazaliwa, ubao uko mbele yake, misumari iko mbele yake, mama wa marehemu analia mbele yake, naye anakunja mikono ili mji mzima uone ubaya wako. Ulitoka kwa hasira, yeye alikaa kwa hesabu. Alimtumia mtoto aliyekufa kukupiga wewe, na hilo sijui atalisali vipi.

Na kuna jambo umeliandika kwa mstari mmoja ukapita mbio. Stoo. Unasema mle ndani mlikuwa na majeneza ya kila kipimo, yamekamilika, yana vifuniko. Hatua chache kutoka pale Mama Rébecca aliposimama! Lakini hayo "yana mwenyewe". Angalia basi, binti yangu: kwa mfanyabiashara jeneza ni biashara, kwa Katungu jeneza ni ibada. Mimi nimenunua majeneza mawili maishani mwangu, la mume wangu na la mdogo wangu, na hakuna seremala aliyenipunguzia hata msumari. La mdogo wangu tulilitaka siku ile ile, nikaongezewa bei, wakaniambia ni bei ya haraka. Haraka hiyo ilifanywa na mikono ya vijana kama nyinyi, giza limeingia, na ninajua leo kwamba hawakupata kitu. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba ukidai haki yako unakula damu. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kinavaa rozari.

Mama yule alilipa jeneza zima. Aliyepokea malipo ndiye aliyekuwa na deni la kifuniko.

Umetulia? Umejifuta machozi? Haya, sasa zamu yako.

Mkataba ulikupa ruhusa ya kuondoka saa tisa. Haukukukataza kubaki. Kubaki kwa sababu umeshikwa ni kitu kimoja, na kubaki kwa sababu umemwona mtu ni kingine, na wewe ulikuwa na hasira mpaka ukashindwa kuvitofautisha. Ungeweza kumwambia Josaphat mbele ya watu wote: "Saa yangu imekwisha, hii ninaifanya kwa ajili ya mama huyu, si kwa ajili yako." Ungepigilia ule ubao, ungetoka, na kesho yake mji ungekuwa upande wako. Lakini ulimlenga patron ukampiga mama. Na lile neno lako, kwamba kila siku ni mtoto wa mtu, ni kweli tupu, lakini hukupaswa kulisema pale, mbele ya mzazi ambaye kwake hapakuwa na kila siku, palikuwa na mtoto mmoja. Umeniuliza kama ni wewe uliyemzika bila kifuniko. Si wewe peke yako. Lakini umo. Nikikuambia humo nitakuwa nakudanganya, na wewe mwenyewe unajua, ndiyo maana unakiona kitenge.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tufanye yale yanayowezekana.

Karatasi ya Josaphat usiisaini. Usiiguse. Mpigie baba yako leo hii, umwambie mbuzi abaki Musienene. Mheshimu, ni baba yako, alifanya jambo la akili kudai mkataba ulioandikwa, sasa mkumbushe akili yake mwenyewe. Mwambie: "Baba, mbuzi wa kwanza ulimtoa nifundishwe milango. Mlango sijauona. Wa pili unamtoa kwa lipi?" Aje, lakini aje mikono mitupu na nakala yake ya mkataba. Ninyi wawili mwende kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi, mkataba mkononi, na kama mnaogopa kwenda wenyewe piteni kwanza parokiani, kwa watu wa tume ya Haki na Amani, wawasindikize. Sheria ya kazi ya nchi hii inautambua mkataba wa uanagenzi. Bwana wa kazi ana wajibu wa kukufundisha ufundi ulioandikwa, wote, na hana ruhusa ya kuugeuza peke yake kwa sababu amekasirika. Mkiambiwa rudini kesho, rudini kesho. Wanategemea mchoke.

Mkifika mdai saa zako, na sehemu yako kwa kila jeneza lililopita mikononi mwako, ya stoo yakitangulia, maana hayo hata Josaphat hawezi kuyaita huruma. Mdai na jambo moja zaidi, liandikwe: siku ya msiba mkubwa, anayetaka kubaki abaki kwa hiari yake na saa hizo zilipwe. Miji yetu itazika tena, Katungu, tusijifanye hatujui. Basi anayetuzikia watu naye aishi. Siméon na wenzake usiwatukane kwa kurudi. Wana njaa na hawana karatasi. Waambie tu kwamba mlango uko wazi siku wakitaka kusema waliyoyaona.

Utashinda? Sijui. Huenda Josaphat asikurudishe kabisa, na huenda ofisi ikalala juu ya shauri lako mpaka mvua mbili zipite. Nikikuahidi vinginevyo nitakuwa mwongo kama yeye. Kuna maseremala huku Butembo ninakoishi, mtaani kwetu Bulengera najua wawili wanaotengeneza milango kila siku, na mmoja wao ni mwanamke. Nitakutajia majina ukija. Lakini mkataba wako unalindwa hata usiporudi kwake, kwa hiyo lishikilie shauri hilo.

Kuhusu magoti: usipige magoti mbele ya shirika na Josaphat amekaa kitini kama askofu. Yeye si uliyemkosea. Uliyemkosea ni mama mmoja aliyebaki bila kitenge chake cha begani, na kwake hujaenda. Barua nzima umeniuliza habari za patron, baba, shangazi na soko, hukuniuliza uende kwake lini. Nenda kesho. Usiende na wenzako, usiende na karatasi yako, usimweleze mambo ya mkataba wala stoo, hayo ayasikie siku nyingine na kwa mdomo wa mtu mwingine. Bisha hodi. Sema jina lako la kweli, ajue ni nani. Akikufukuza, ondoka, urudi wiki ijayo. Akikuruhusu kuingia, kaa chini, hata asiponena neno, na simu yako uiache kwa shangazi. Siku hiyo usiangalie saa.