Kitanda Kando ya Dirisha la Ziwani

Kericho,
Jumatano.

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Na wale kuku, walipona? Mimi niko mzima. Mvua inanyesha kila mchana, majani chai yamejaa mpaka wachumaji wanalalamikia migongo. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulia, chakula nakula.

Ile kazi ya kuchora ramani ya sekondari ya bweni ya kisiwani kwetu imeangukia meza yangu. Nilifurahi, Mama, kweli nilifurahi. Watoto wa huko hawatavuka maji tena kutafuta kidato cha kwanza, kama alivyovuka mdogo wangu Syprose na sanduku lake na godoro, akazama asionekane hadi leo. Kamati inataka shamba letu la nje ya boma, maana ndilo pekee lililo tambarare. Nasikia umekataa kulitoa. Ukishikilia hivyo, shule itapelekwa kisiwa kingine.

Sasa sikia mambo. Nilipanga vitanda vya bweni la wasichana, nikafunga kompyuta nikaenda zangu. Asubuhi nikakuta kimoja kimeongezeka, kando ya dirisha linalotazama ziwa. Nikakifuta. Kesho yake kiko palepale! Nikamgombeza mwenzangu Nelvine, msichana wa Kiptere mwenye utani mwingi, nikidhani ananichezea. Aliapa kwa jina la mama yake kwamba hajagusa. Tulipotoa ramani kwenye printa, karatasi ilikuwa kavu kote isipokuwa hapo kwenye kitanda, na chumba kizima kikanuka matope ya ziwa. Ziwa gani, Mama, hapa Kericho?

Juzi, jua likiwaka, Nelvine alikutana na msichana kwenye ngazi, amevaa sare mpya, amebeba sanduku linalochuruzika maji. Akamuuliza anamtafuta nani. Yule msichana akajibu kwamba amekuja kuona atakapolala, kwa sababu kwao bado hawajamlaza. Nelvine aliniambia msichana huyo ana mwanya kama wangu. Na mimi sijawahi kumsimulia habari za Syprose hata siku moja. Tangu hapo haingii ofisini bila kuimba wimbo wa kanisa. Nami naogopa, Mama. Namwogopa mdogo wangu mwenyewe, na ninamlilia pia.

Najua kwa nini uliwakataza wazee kuzika tunda la yago badala ya mwili wake. Walisema msichana ambaye hajaolewa huzikwa nje ya boma, nawe ukasema mtoto wako hatatupwa nje kama mbwa. Mimi ningesema hivyohivyo. Lakini angalia sasa, hana hata kaburi.

Jambo ambalo sijamwambia mtu ni hili. Jana kiti kilicho kando yangu kililowa ghafla, nikamwahidi Syprose kwa sauti kwamba atalala kati ya wenzake. Nimeahidi bila kukuuliza, nisamehe. Halafu nikachora upya uzio wa shule. Toa shamba, Mama, waite wazee walete yago. Wakisema azikwe nje ya boma, wakubalie, usibishane nao. Pale watakapochimba ni nje ya boma letu, lakini ni ndani ya uzio wa shule, chini ya dirisha la bweni la wasichana.

Nisalimie shangazi Aoko na majirani wote, na Mungu akutunze. Nijibu upesi kabla kamati haijakutana.

Syprose pia anakusalimu.

Mwanao,
Quinter