Kadzo, Uko Wapi?

Shikamoo Bibi,

Ofisini hapa Likoni naogopa kukosea, basi nanyamaza, na wenzangu huniita "karani" tu. Jana jioni, penye muuza viazi karai, bendi ya mtaani ilikuwa ikipiga: mzee na gitaa lake, mkewe na kayamba, na mpiga ngoma. Mzee akaimba, "Kadzo, uko wapi?" Nami, kusikia jina langu, nikaitika kwa sauti kama ulivyonifunza, "Abee!"

"Mzee, si huyu hapa!" mpiga ngoma akacheka. Nilitaka kukimbia. Mke wa mzee akanishika mkono: "Keti, mwanangu. Miaka yote twamwita Kadzo, hajaitika." Wakarudia wimbo, nikaitika tena.

Leo bendi iko Mikindani, na huku kimya. Jioni ukipika, Bibi, niite. Nitaitika.

Mjukuu wako,
Kadzo