Pete Kwenye Msumari

Jumatatu, 3 Juni

Na ndiyo maana narudia, sikukosea kumchagua. Nyahanga nzima, mume gani mwingine anamsubiri mkewe amalize kusukwa ndipo ale? Ugali umepoa, yeye amekaa tu kwenye kigoda ananitazama kama mgeni wa heshima. Tangu harusi mpaka leo, nikisikia pikipiki yake moyo unaruka.

Kazi ni zile zile. Navua pete, naitundika kwenye msumari juu ya jiko, nakanda unga wa chapati. Dhahabu ya pete hiyo mume wangu Masanja ameichimba mwenyewe. Haitaguswa na unga.

Jioni amekuja na kidonge chao kutoka machimboni, dhahabu iliyokamatwa na zebaki, nyeupe kama risasi. Wengi hapa huchomea nyumbani. Ukichomea kule, kila jicho linakuona. Basi nimefunga mlango na dirisha, akakiweka kwenye kikaango, mkaa ukawaka. Moshi kidogo, halafu njano inachomoza. Napenda kuitazama ikichomoza, bega langu limegusana na lake. Kisha akanywa maziwa yake, maana maziwa yanakata sumu, akanibusu na povu mdomoni. Mpenzi wangu.

Alhamisi, 6 Juni

Pete imegeuka rangi. Nimeitoa msumarini asubuhi, nyeupe upande mzima. Nimeisugua kwa majivu. Kwa limao. Kwa dawa ya meno. Nyeupe vile vile, kama bati.

Maharage yameungua. Sijamwambia kitu.

Jumamosi, 8 Juni

Bati! Mbele ya mchungaji, mbele ya mama yangu, ameniwekea bati kidoleni. "Hii nimeichimba kwa mikono yangu, Kabula." Mikono ipi? Hii inayotetemeka siku hizi akishika kikombe? Nilidhani ni uchovu. Sasa nadhani ni uongo unaomtetemesha.

Nimemwonyesha pete. Amecheka kwanza, halafu akakasirika. Eti sabuni yangu ndiyo mbaya. Sabuni!

Mama Rehema, jirani wa ukuta mmoja, amenimaliza kabisa. "Shoga, wachimbaji hawa dhahabu wanauza. Wake wanapewa rangi." Alikuwa anatania. Nimeingia ndani nikalia kwa hasira.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda mjini kwa sonara, yule mzee wa Kihindi mwenye duka jirani na wauza vitenge. Nimemwamkia, nikamwekea pete juu ya meza bila maelezo. Nilitaka aseme bati ili nikamtupie Masanja usoni.

Ameisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea dawa, akatazama. Akauliza naiweka wapi nikiwa napika. Msumarini, juu ya jiko. Na jikoni pale huwa mnachoma nini? Siri ya nyumba.

"Binti, hii ni dhahabu safi," akasema. "Imekula zebaki. Moshi ule hauonekani wote, lakini ukikutana na dhahabu unaganda juu yake."

Kisha akasema, taratibu tu, "Pete ilikuwa ukutani. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa begani kwa mume wangu. Nilikuwa navuta pumzi.

Angeweza kuisafisha, ana sanduku lake la kuchomea lenye bomba la kutolea moshi nje. Nimekataa. Ameitia kwenye kichupa chenye kifuniko, akaniambia nisiivae hivyo.

Nimetembea mpaka nyumbani, bodaboda sikutaka. Nina hasira na bosi wa machimboni anayewagawia wachimbaji zebaki kwenye chupa za soda kama anawafadhili, halafu ananunua dhahabu iliyokwisha kuwa njano. Jikoni kwake hajachoma hata siku moja. Nina hasira na Masanja, kwa sababu watu wa afya walifika machimboni kuwaonya na yeye alirudi akiwaigiza, tukacheka wote. Lakini mlango nilikuwa naufunga mimi. Mimi. Hakuna aliyenishika mkono.

Jumatano, 12 Juni

Nimeweka kichupa mezani karibu na kikombe chake. Nimemweleza yote. Amekiinua kutazama, na kikagonga ukingo wa kikombe, ti-ti-ti, hakuweza kukituliza. Tumesikia wote wawili.

Akasema baba yake alichoma maisha yake yote. Nikamuuliza baba yake alikufaje. Najua jibu, mama mkwe amenisimulia: mikono ilikataa kijiko, akawa analishwa kama mtoto, na watu wakamsingizia jirani kuwa amemroga.

Akajitetea kwamba yeye hunywa maziwa.

"Maziwa yanakwenda tumboni, Masanja. Moshi unakwenda kifuani."

Ameondoka bila kula. Aende.

Jumamosi, 15 Juni

Amerudi na kidonge kingine. Baada ya yote yale! Amekitoa mfukoni na kuanza kuwasha mkaa kama siishi humu.

Nimemwaga ndoo ya maji kwenye jiko. Nimeung'oa ule msumari ukutani, nikachukua nyundo yake, nikakitoboa kikaango mpaka kikawa chujio. Kikaango cha harusi, zawadi ya mama yangu. Mikono iliniuma na sikuacha.

Akaniambia, "Dunia hii hukuianza wewe, Kabula."

"Jiko hili nimelianza mimi."

Nikamwambia si hapa tena, na si nyuma ya ukuta ambako mtoto wa Mama Rehema analala. Akasema wenzake watamcheka. Wacheke. Sikuolewa na wenzake. Nataka mume wa kuzeeka naye, si wa kumlisha kwa kijiko.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekwenda hospitali peke yangu. Daktari hakunipa matumaini ya bure. Maziwa hayaondoi zebaki mwilini. Masanja aje apimwe, aache kuuvuta ule moshi, na huenda mikono ikatulia kidogo kidogo. Huenda. Neno hilo limenikera njia nzima.

Sote tunasubiri. Tunasubiri serikali, tunasubiri wafadhili, tunasubiri Mungu ashuke na feni. Na mlango una komeo upande wetu.

Nimemwambia Mama Rehema. Alitaka kutania, akaacha katikati. Kumbe mumewe naye huchoma, na mtoto huwa mgongoni. Baadaye nimesikia nyundo upande wa pili wa ukuta. Mara ya kwanza baada ya siku nyingi nimecheka.

Alhamisi, 20 Juni

Masanja amekwenda kupimwa. Hakuniaga, nimeona plasta mkononi. Majibu bado.

Na yeye na wenzake wamepata chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza na bomba linaloishia kwenye maji. Moshi haupotei hewani, zebaki inarudi majini. Wamekiweka mbali na watu, upepo unakoelekea. Wenzake wanamwita Bwana Kikaango. Amenieleza akiwa amenuna. Bado nina hasira naye, na bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote Kahama. Yote mawili ni kweli.

Jumapili, 23 Juni

Kanisani, kisha nyumbani. Nimeacha dirisha wazi.

Amekunywa chai ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nusu imemwagika. Nimefuta meza. Akavuta kile kichupa, akauliza lini nitakwenda kuisafisha pete. Nikamwambia siku atakapoweza kunivisha mwenyewe bila kukikosa kidole. Akatazama mikono yake. Akasema basi itunze vizuri.

Mama mkwe amepiga simu kutoka Songwa, anauliza kama mwanawe anakunywa maziwa ya kutosha. Nimeshindwa kumjibu kwenye simu. Ng'ombe wake wa maziwa aliwafuga kwa ajili ya mumewe, sasa kwa ajili ya mwanawe. Kwamba maziwa hayakati sumu, hilo linasemwa ana kwa ana, nimekaa chini karibu na miguu yake.

Mayu, mama yangu, kabla mwezi huu haujaisha tutakuja. Nitamleta Masanja apumue huko. Na maziwa yako tutayanywa, kwa sababu ni matamu.