Tulibadilishana Kura za Wagonjwa Wetu

Mpendwa Mama Beth,

Nisaidie kabla Alhamisi haijafika, na tafadhali usinicheke, kwa sababu jambo hili nimelifanya nikiwa na akili zangu timamu na nilidhani nafanya vizuri. Majina nimeyabadilisha. Niite Nasambu, ninakaa Kambi Muru hapa Kibera, na mume wangu tumwite Walubengo, ni fundi wa bati, anatengeneza majiko na yale masanduku ambayo watoto huenda nayo shule za bweni. Mwaka huu alianza kukonda na tumbo likamjaa upande wa kulia, tukasema ni vidonda vya tumbo, tukanunua dawa za vidonda mpaka tukachoka, mwishowe tukatumwa hospitali kubwa na huko tukaambiwa ni saratani ya ini, na imeshafika mbali, haiwezi kukatwa.

Daktari, nitamwita Muli, alitueleza kwamba kuna utafiti. Wagonjwa wengine wanapewa vidonge vya kumeza nyumbani asubuhi na jioni, wengine wanatibiwa kwa mionzi inayopelekwa mpaka ndani ya ini lenyewe, halafu wote wanafuatiliwa ili ijulikane ni ipi inamsaidia mtu zaidi na ni ipi inamtesa kidogo. Mimi nilitoka kwenda msalani, na niliporudi Walubengo alikuwa ameshatia sahihi, na nesi akaniambia kompyuta imepiga kura na mzee wangu ameangukia vidonge.

Mama Beth, hilo neno kura ndilo lililoniponza. Mimi niko kwenye chama cha sufuria, tuko wanawake kumi na wawili, kila mwezi mmoja ananunuliwa vyombo, na zamu tunazipanga kwa kura, unachota karatasi yenye namba kutoka kwenye kikombe, lakini ukiona mwenzako binti yake anakaribia kuolewa na wewe huna haraka, mnabadilishana namba, katibu anafuta jina hili anaandika lile, na hakuna anayekasirika. Kwa hiyo mimi niliposikia kura nilijua ni kitu ambacho watu wanaweza kuelewana.

Kwenye benchi la kliniki nilijuana na Wagaki wa Kawangware, anamleta baba yake, Mzee Kagiri, ambaye ana ploti na wapangaji huko. Mzee ana ugonjwa uleule na kura yake ilikuwa mionzi. Siku moja Wagaki aliitwa kuonyeshwa picha za baba yake akaniambia niingie naye, nikaingia kama dada yake. Daktari Muli akatuonyesha ini la mzee kwenye skrini, mishipa yote imetokeza, mingine myembamba kama uzi, na akaonyesha mahali uvimbe ulipo na unavyonyonya damu. Akasema watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, uende mpaka kwenye ini, na kupitia mrija huo wamimine vipunje vya glasi ambavyo jicho haliwezi kuona hata kimoja, kila kipunje kimebeba mionzi yake, vifuate ile damu inayolisha uvimbe, vikwame humo humo na kuuchoma kutoka ndani, na muda wote huo mgonjwa yuko macho. Nilishika ukuta. Nimeokoka miaka kumi na tisa na nimesikia shuhuda nyingi, lakini sijawahi kuambiwa kitu kama kile na mtu mwenye uso wa kawaida, anayekohoa na kuomba radhi. Nilijiuliza ni binadamu gani alikaa chini akawaza hivyo mpaka kikawezekana. Machozi yalinitoka, na sikujua kama nalia kwa huzuni ama kwa nini.

Nikarudi nyumbani nikaangalia vidonge vya Walubengo. Vidogo, kama vya maumivu ya kichwa. Na wiki ya tatu viganja vyake vikawa vyekundu, ngozi ikababuka, nyayo vilevile, nyundo haishiki tena na anatembea kama sakafu ina moto. Nesi wa utafiti hunipigia simu kila Jumatatu kuuliza anaendeleaje, nami nikawa namjibu yuko sawa, kwa sababu niliogopa wakijua watamtoa na tukose hata hivyo vidonge.

Upande wa pili Mzee Kagiri amekataa mionzi kabisa. Alimwambia Wagaki, "Mimi si mahindi ya kuchomwa." Anataka vidonge. Basi Wagaki, ambaye huniita kwa jina la mtoto wangu, akaniambia, "Mama Mourine, tubadilishane tu. Si wewe uko chama, unajua vile huwa." Na mimi nikaona Mungu amejibu.

Nimempa Wagaki vidonge kumi na viwili, vya siku tatu, viwili asubuhi na viwili jioni. Walubengo nimemdanganya kwamba daktari amesema apumzike kidogo, na viganja vimeanza kupoa, kwa hiyo nilifurahi. Alhamisi ndiyo siku ya mzee kuwekewa mionzi, na mpango wetu ni Walubengo aende na kadi ya mzee, Wagaki anasema pale wanaangalia kadi tu. Lakini jana amenipigia, mzee ameshameza vinne na kichwa kinamgonga, na anasema ni kawaida ya dawa kali. Tangu jana sili. Je, tuendelee ama tuache? Na kama tutaacha, nimwache mume wangu amalizike na vidonge na hali nimeona kwa macho yangu kitu kinachoweza kumwokoa?

Nasambu, Kambi Muru

*

Nasambu,

Barua yako sikuiacha ingoje gazeti. Nilipiga ile namba uliyoandika chini, na ulipokuja kunipigia baadaye nilikuambia ukavichukue vidonge kwa Wagaki siku hiyo hiyo. Ulinijibu "nitaona." Sasa nakuandikia mbele ya watu wote, kwa sababu hiyo "nitaona" yako inaweza kumuua mzee wa watu.

Vidonge vile hupandisha presha. Wewe unajua kama Mzee Kagiri ana presha? Unajua anameza dawa gani nyingine, figo zake zikoje, ini lake limebakiza nguvu kiasi gani? Hujui, na Wagaki pia hajui, na yule daktari anayejua hamkumwambia. Kichwa kinachogonga si kawaida ya dawa kali. Wagaki ampeleke baba yake hospitali leo, na vidonge vilivyobaki avibebe mkononi, aseme mzee amemeza vingapi na lini. Watamgombeza. Na agombezwe.

Kuhusu Alhamisi, nilimuuliza daktari wa saratani ninayemwamini, akashika kichwa. Ile siku waliyompiga mzee picha walikuwa wanapima njia, mshipa kwa mshipa, wahakikishe vipunje havitapotea njia vikaingia kwenye mapafu au tumbo. Mionzi yenyewe huagizwa kwa jina lake, kwa kipimo cha ini lake na kwa siku yake, kwa sababu nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Unataka kumlaza Walubengo pale amiminiwe kitu kilichopimwa kwa mwili wa mtu mwingine? Nasambu, umeona ajabu kubwa kwenye skrini, na nakuelewa ulivyoshika ukuta, mimi mwenyewe niliposoma sentensi zako nilizirudia mara tatu. Lakini ajabu hiyo inafanya kazi kwa sababu ya kupima, na wewe unataka kuuondoa upimaji wenyewe.

Halafu unavidharau vidonge kwa udogo wake. Uvimbe hujijengea mishipa mipya ili upate damu ya kukua. Kidonge hicho kidogo kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima, na kinauzuia kujenga. Mtu fulani alikaa chini akawaza hilo pia. Ulililia la mionzi kwa sababu ulionyeshwa picha, na la vidonge hukuonyeshwa.

Sasa neno lako la kura. Kwenye chama chenu mnajua sufuria ni sufuria, kinachogombewa ni nani ataanza. Hospitalini kura inapigwa kwa sababu hawajui ipi ni bora, na daktari akiachiwa achague atampa huyu hiki na yule kile kwa kupenda kwake, na mwisho wa yote hawatajua bado. Tafiti za namna hii zimefanywa nchi nyingine. Daktari wangu aliniambia bila kupamba kwamba waliopewa mionzi na waliopewa vidonge hawakupishana sana kwa urefu wa maisha, ingawa wa vidonge walisumbuka zaidi na mambo kama hayo ya ngozi na kuhara. Hakuna kati ya hizo mbili inayoahidi kuuondoa ugonjwa uliofika mbali. Pole sana kwa hilo, najua ndilo hukutaka kulisikia, na ndilo ulikuwa unalikimbia mpaka Kawangware.

Viganja vina msaada. Daktari anaweza kupunguza kipimo, anaweza kusimamisha vidonge kwa siku chache na kuvirudisha, na kuna mafuta ya kupaka. Lakini asimamishe yeye, wewe hujui ni siku ngapi. Kumwambia ukweli hakumfukuzi mtu kwenye matibabu. Mzee Kagiri naye akikataa mionzi ana haki hiyo, amwambie daktari uso kwa uso, na atatafutiwa njia inayomfaa. Hata mume wako akitaka kutoka, mlango uko wazi. Kinachotakiwa ni mwenye mwili aseme.

Na hapo ndipo lilipo kosa lako kubwa. Kwenye barua yako yote, Wagaki ameongea, nesi ameongea, mzee ameongea. Walubengo hajasema neno hata moja.

Mimi nimemsikia. Nilipopiga mara ya kwanza ulikuwa umeacha simu kwenye chaji, akapokea yeye. Sikumwambia mimi ni nani, nilisema ni rafiki wa Nasambu, nikamuuliza anaendeleaje. Ana sauti nzuri mume wako. Akanieleza ile siku ulipokuwa msalani. Alimuuliza daktari, kama huyu mgonjwa angekuwa ndugu yako wa tumbo moja, ungempatia gani? Na Daktari Muli, na zile mashine zake zote, akamwambia, "Sijui. Ndiyo maana tunatafuta." Walubengo akaniambia, "Mama, tangu nizaliwe sijaskia daktari akisema hajui. Nikajua huyu hawezi kunidanganya. Nikatia sahihi."

Niliyaandika maneno hayo, Nasambu. Miaka yote hii nakaa na barua za watu, na sina hakika kama mimi ningeweza kusema sijui mbele ya mtu anayekufa, wala kulipokea neno hilo kama alivyolipokea yeye.

Nikamuuliza, na mikono? Akacheka kidogo. Akasema, "Mikono imeharibika, lakini si bure. Mwenye anakuja nyuma yangu ataambiwa mapema ajipange. Kila Jumatatu Nasambu huwaambia vile iko, nao wanaandika."

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ambayo fundi huyo amebaki nayo, na kwenye kitabu chao, kila Jumatatu, wameandika kwamba yuko sawa. Usingoje wapige tena. Kaa karibu naye umwambie kila kitu, hata hili la vidonge kumi na viwili. Halafu mpigie nesi leo, mpe Walubengo simu, na wewe unyamaze.

Mama Beth