Simu Isizimike Kabla ya Saa Nne

Kitindamimba wangu,

Umeme bado haujarudi. Simu nimeichaji kwa jirani, fundi cherehani mwenye sola, imefika asilimia arobaini tu. Punguza mwanga, zima data, usifungue video hata moja. Chai iko kwenye chupa.

Alfajiri muuguzi alipiga mara tatu akakuta imezimika, maana chaji uliimaliza wewe. Nilipoiwasha akapiga tena, akaniambia, "Mzee alikuwa anamuulizia mjukuu wake. Sasa hasemi tena."

~~Sikulaumu.~~ Nakulaumu, mwanangu, na mimi najilaumu, nililala bila kuitazama.

Nakimbilia wodini. Saa nne nitapiga kwa simu ya muuguzi, nimwekee babu yako sikioni. Msalimie, msimulie lolote. Hatajibu, lakini usikate.

Mama