Sauti Anayoiamini Mama

Dada,

Huku tunasukuma siku. Paa la jikoni limeacha kuvuja, na cherehani yako nimeitia mafuta.

Redio yetu imefungwa. Miaka kumi na tisa nimesoma habari pale, na unakumbuka Mama alivyokuwa akinyamazisha nyumba nzima kila nilipoanza.

Sasa kuna wauza dawa za mitishamba wameiga sauti yangu kwa kompyuta. Inazunguka kwenye simu za watu: mimi huyo, kwa sauti ileile ya taarifa ya mchana, nawaambia wenye kisukari waache sindano, wanywe unga wao. Mama ameacha sindano. Mguu umeshakuwa mweusi, na daktari hanitazami tena machoni. Ukipata ruhusa kazini, usichelewe.

Jana nilipiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa ameweka simu sikioni.

“Mama, huyo si mimi. Mimi ndiye huyu hapa.”

Akanishika mkono kwa upole, hata hakunitazama.

“Nyamaza kwanza, mwanangu. Nakusikiliza.”

Ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu,
Mdogo wako